Zambia: Kazi Ilipoondoka, Bomba Nalo Likakauka

Wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam na ndugu zetu wa TAZARA wanaijua shaba ya Zambia kwa mikono yao. Tangu reli ile ya kilomita 1,860 ilipokabidhiwa rasmi mwaka 1976, mabamba mekundu ya shaba yamekuwa yakishuka kutoka Kapiri Mposhi hadi pwani, yakapakiwa melini na kwenda zake ng'ambo. Siku hizi mengi hupita barabarani kwa malori. Lakini iko habari ambayo haipakiwi pamoja na shaba, nayo ni habari ya mtu aliyeichimba: analala wapi, anakunywa maji gani, na mtoto wake akishikwa na homa usiku anapelekwa wapi.

Tumeichagua Zambia kwa ukurasa huu wa nchi jirani kwa sababu moja. Katika Afrika yetu hii huru, ni wafanyakazi wachache waliowahi kuhudumiwa na mwajiri kama wachimbaji wa shaba wa Zambia. Na ni wachache waliopoteza huduma hizo kwa haraka kama wao. Wasomaji wengi wa gazeti hili wanaishi katika nyumba za mwajiri, kwenye mashamba ya mkonge, chai na miwa. Wanachota maji kwenye bomba la mwajiri na kutibiwa katika zahanati ya mwajiri. Kwa hiyo habari hii ya jirani ni habari ya nyumbani pia.

NYOKA WA MTO LUANSHYA

Mgodi wa Roan Antelope ulipokuwa ukijengwa huko Luanshya, mwishoni mwa miaka ya 1920, vibarua walikuwa wakitoroka. Walikuja kutoka vijiji vya mbali, wakaona wenzao wanakufa, wakafunga virago. Wenyeji walisema katika mto Luanshya yumo nyoka mkubwa aitwaye Sanguni, naye ndiye anayewala watu. Mauti yenyewe yalikuwa ya kweli kabisa. Yaliletwa na malaria, kwa kuwa kando ya mto ule palikuwa na mabwawa yaliyojaa mbu.

Kampuni ikamwita Malcolm Watson, daktari Mwingereza aliyekuwa amepambana na malaria katika mashamba ya mpira huko Malaya. Mabwawa yakachimbiwa mitaro, kingo za mto zikafyekwa, maji yaliyotuama yakamwagiwa mafuta. Vifo vikapungua sana, na mwaka 1931 mgodi ukaanza kutoa shaba. Jina la daktari huyo limebaki hadi leo kwenye hospitali moja ya mgodi mjini Mufulira.

Tunaitaja hadithi hii kwa sababu inaonyesha huduma za mgodi zilianzaje. Kampuni haikumwita daktari kwa huruma. Ilimwita kwa kuwa watu wanakimbia na shimo halichimbwi. Mwajiri akihitaji mikono yako ataitunza mikono hiyo. Asipoihitaji tena, hayo ni mambo mengine, na tutayafikia.

Wakati huo mchimbaji Mwafrika alilazwa katika kijumba kidogo kama bweni, akapewa posho ya unga na maharage, akalipwa kwa tikiti. Zamu 30 zikitimia ndipo anapewa mshahara. Wazee wetu waliokuja Tanga kwa kazi za manamba wataitambua tikiti hiyo mara moja, maana ni ndugu yake kipande. Hospitali zilikuwa mbili, ya Wazungu na ya Waafrika, na nyumba vivyo hivyo.

Yaliyoboreka yaliboreka kwa mgomo. Mwezi Mei 1935, serikali ya kikoloni ilipopandisha kodi kwa watu wa migodini, wachimbaji waligoma Mufulira, Nkana na Luanshya. Huko Luanshya polisi walifyatua risasi wakaua watu 6. Mwaka 1940 wakagoma tena kudai mshahara, na huko Nkana wakauawa 17. Mwaka 1949 chama cha wachimbaji Waafrika kikaundwa chini ya Lawrence Katilungu, na mwaka 1952 kikaongoza mgomo wa wiki tatu. Ndipo polepole nyumba za familia zikajengwa na shule na zahanati zikaongezeka. Mtu akikuambia kwamba huduma za migodi zilikuwa zawadi ya kampuni, mkumbushe makaburi ya 1935 na 1940.

KUTOKA KUZALIWA HADI KUZIKWA

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Nchi nzima ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu kama 100 tu, ingawa ilikuwa imetoa utajiri wa ajabu ardhini kwa zaidi ya miaka 30. Serikali ya Mzee Kenneth Kaunda ilijenga shule na hospitali kwa kasi, na fedha zilitoka kwenye shaba. Mwaka 1969 ilitangaza kuchukua asilimia 51 ya migodi, na mwaka 1982 makampuni mawili makubwa yakaunganishwa kuwa shirika moja la umma, ZCCM.

Mfanyakazi wa ZCCM alikuwa na nini? Alikuwa na nyumba kwa kodi ndogo iliyokatwa kwenye mshahara. Maji na umeme alipata kwa bei ya jina tu. Balbu ikiungua, fundi wa kampuni alikuja kuibadilisha. Takataka zilizolewa, mitaro ilizibuliwa, nyumba zilipuliziwa dawa ya mbu. Mkewe alijifungua katika hospitali ya mgodi, wake wa wachimbaji walifundishwa kushona na mapishi katika majumba ya maendeleo, watoto walikuwa na chekechea na viwanja. Akifa, shirika lilisaidia maziko. Watu wa huko walikuwa na msemo kwamba shirika linakuangalia kutoka kuzaliwa hadi kuzikwa. Hata timu za mpira zilikuwa za migodi, na wapenzi wa kandanda wataikumbuka Nkana ya Kitwe iliyofika fainali ya klabu bingwa ya Afrika mwaka 1990.

Hapa lazima tuseme mambo mawili ambayo wanaoisifu enzi ile huyaruka.

La kwanza, huduma hizo zilikuwa mshahara. Mwajiri alimlipa mchimbaji sehemu mkononi na sehemu nyingine kwa nyumba, maji na dawa. Sehemu ya mkononi mchimbaji aliihesabu shilingi kwa shilingi, au tuseme kwacha kwa kwacha. Ile ya pili hakuihesabu, kwa sababu haikuandikwa popote kwamba ina thamani gani. Kitu kisichohesabiwa ni rahisi kuchukuliwa.

La pili, huduma zilikuwa na mpaka. Kitongoji cha mgodi kilikuwa na bomba na taa za barabarani. Ng'ambo ya barabara ulikuwa mtaa wa halmashauri, wenye maji ya kusuasua. Mbele zaidi ilikuwa kompaundi, kama wanavyoita wao mitaa ya watu waliojijengea wenyewe, na huko akina mama walichota kisimani. Na mbali kabisa walikuwa wakulima wa Luapula na Mkoa wa Kaskazini, ambako vijana wengi wa migodini walitoka. Chama cha wachimbaji kilikuwa na nguvu kuliko vyama vyote nchini, lakini nguvu hiyo ilipiganiwa zaidi ndani ya uzio wa mgodi. Hatuwalaumu wenzetu kwa hilo, sisi tungefanya hivyo hivyo, na mahali pengi ndivyo tunavyofanya hata sasa.

KIONGOZI WA WAFANYAKAZI ANAINGIA IKULU

Mwaka 1975 bei ya shaba ilianguka vibaya, na mafuta yalikuwa yamekwisha kupanda. Zambia ikakopa ikidhani bei itarudi. Haikurudi kwa miaka mingi. Mashine za migodini zikachakaa. Uzalishaji, ambao ulikuwa umepita tani 700,000 kwa mwaka, ukawa unashuka hadi kufikia kama tani 250,000 ilipofika mwaka 2000. Shirika la Fedha la Kimataifa likaja na masharti yake, ambayo sisi Watanzania tunayajua na hatuna haja ya kuyarudia. Desemba 1986 ruzuku ya unga wa mahindi ilipoguswa, miji ya shaba ililipuka kwa ghasia na watu 15 wakafa.

Chama cha wafanyakazi kilikuwa mstari wa mbele kupinga. Frederick Chiluba, mwenyekiti wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, aliwahi kuwekwa kizuizini mwaka 1981 pamoja na viongozi wenzake. Uchaguzi wa vyama vingi ulipofanyika Oktoba 1991, Chiluba alishinda kwa kishindo na wachimbaji walikuwa nyuma yake. Kiongozi wa wafanyakazi akaingia Ikulu.

Ni serikali yake iliyoiuza migodi. Kati ya 1997 na 2000 ZCCM ilikatwa vipande na kuuzwa kwa makampuni ya India, China, Uswisi, Kanada na Afrika Kusini. Mashirika mengine ya umma zaidi ya 200 yaliuzwa pia. Wakati huo huo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wagonjwa walikuwa wameanza kutozwa ada hospitalini, na wazazi walikuwa wakilipa shuleni. Tunajua kuna wanaosema hapakuwa na njia nyingine, kwamba ZCCM ilikuwa inapoteza fedha kila siku. Hasara hiyo ilikuwepo kweli. Lakini mtu anayelazimika kuuza ng'ombe hauzi na kamba, na ndivyo ilivyofanyika. Mikataba na makampuni ilifanywa siri, mrabaha ukawekwa asilimia 0.6, na masharti hayo yakaahidiwa kutobadilishwa kwa miaka mingi.

NYUMBA BILA MSHAHARA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ZCCM ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 50,000. Mwaka 2000 waliobaki migodini walikuwa chini ya nusu ya hao. Waliopunguzwa walistahili kiinua mgongo. Na hapo likaja wazo lililoonekana zuri, nalo ni kwamba kila mtu auziwe nyumba anayokaa, na bei ikatwe kwenye mafao yake. Wengi walifurahi. Nani hatafurahi kuitwa mwenye nyumba?

Lakini fikiria, ndugu msomaji, nyumba ile ilijengwaje. Ilijengwa iwe sehemu ya mgodi. Bomba lake lilitoka kwenye tangi la mgodi, choo chake kilimwaga kwenye bomba la maji machafu la mgodi, jiko lake lilikuwa la umeme wa mgodi. Ukimuuzia mtu nyumba hiyo bila mshahara, umemuuzia kuta nne na deni la kila mwezi. Wazee ambao kwa miaka 25 hawakuwahi kuona bili ya maji wakaletewa bili. Wakashindwa kulipa, wakakatiwa. Umeme ukakatwa, mama wa nyumba akarudi kwenye mkaa, na misitu ya kuzunguka miji ile ikaanza kwisha. Bomba la maji machafu lililopasuka halikuwa na fundi, maana fundi wa kampuni naye alikuwa amepunguzwa, amekaa kwake, anangojea mafao.

Na mafao yenyewe yalichelewa. Kwa wengine yalichelewa miaka. Mtu alikuwa na nyumba yenye vyumba vitatu mjini na hana unga. Kwa hiyo akafanya alilojua. Akapanda mahindi na viazi vitamu mpaka ukingoni mwa barabara, akafuga kuku bafuni, akapangisha vyumba viwili akabanana na familia katika kimoja, akachimba kisima uani, mita chache kutoka lilipo shimo la choo. Mkewe akafungua kibanda cha kuuza nyanya na mafuta ya kupima. Vitongoji vilivyokuwa fahari ya nchi vikawa kama vijiji vilivyosongamana, isipokuwa kijiji huwa na shamba.

Luanshya iliumia kuliko miji yote, kwa kuwa ni mji wa mgodi mmoja. Mnunuzi wa mwaka 1997 alifilisika mwaka 2000, wafanyakazi wakabaki wanadai. Mgodi ukafunguliwa tena miaka michache baadaye, ukafungwa Desemba 2008 bei ya shaba ilipoanguka duniani, ukachukuliwa na kampuni ya China mwaka 2009. Kila unapofungwa, bomba linakauka. Kila unapofunguliwa, wanaoajiriwa ni vijana wapya, tena wengi kupitia kwa wakandarasi.

Hilo la wakandarasi tulitazame kidogo. Baada ya migodi kuuzwa, karibu nusu ya watu walioingia mashimoni hawakuwa waajiriwa wa mgodi. Walikuwa wa mkandarasi, kwa mkataba wa miezi. Hospitali za migodi baadhi zilibaki na kampuni mpya, na ni hospitali nzuri, lakini milango yake ilifunguka kwa mwajiriwa wa kudumu na kwa anayeweza kulipa. Kijana wa mkandarasi anachimba mwamba ule ule, anavuta vumbi lile lile, na akikohoa anapanga foleni katika zahanati ya serikali pamoja na mzee aliyepunguzwa. Viwandani kwetu wapo vijana wa namna hiyo, na matawi mengine yanawahesabu kama wapita njia.

Vijana waliokosa hata mkandarasi wanapanda kwenye malundo ya mabaki ya migodi kuokota mawe yenye shaba. Mwezi Juni 2018, lundo linaloitwa Mlima Mweusi mjini Kitwe liliporomoka likaua vijana 10. Mwishoni mwa mwaka 2023 makumi ya wachimbaji wadogo walifukiwa na udongo Chingola, mvua ilipokuwa ikinyesha. Wengi wa vijana wa namna hii wamezaliwa katika nyumba ambazo baba zao walikatwa kiinua mgongo kuzinunua.

SHABA IMERUDI

Bei ya shaba ilianza kupanda mwaka 2004. Tani moja iliyokuwa ikiuzwa chini ya dola 2,000 mwaka 2003 ilipita dola 8,000 mwaka 2006. Kwa mrabaha ule wa asilimia 0.6, Zambia ilitazama utajiri ukipita kama treni isiyosimama kituo kidogo. Mwaka 2008 serikali iliweka kodi ya faida ya ghafla, na mwaka 2009 ikaifuta. Baadaye mrabaha uliongezwa. Uzalishaji nao umepanda, na mwaka 2024 Zambia ilitoa zaidi ya tani 800,000, nyingi zikitoka katika migodi mipya ya Mkoa wa Kaskazini Magharibi. Yaani shaba imerudi pale ilipokuwa enzi za Kaunda na zaidi. Balbu hakuna anayekuja kuibadilisha.

Hata hivyo si haki kusema kwamba hakuna kilichofanyika, na hili ndilo tunalotaka wasomaji wetu walione vizuri. Huduma zilizorudi Zambia hazikurudi kupitia geti la mgodi. Zilirudi kama haki ya raia. Mwaka 2002 ada ya shule ya msingi ilifutwa kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Mwaka 2006, nchi ilipokwisha kusamehewa sehemu kubwa ya madeni, ada ya matibabu vijijini ilifutwa, na miaka michache baadaye matibabu ya ngazi ya zahanati na kituo cha afya mijini nayo yakawa bure. Mwezi Oktoba 2019 ilianza bima ya afya ya taifa, ambayo mfanyakazi anachangia asilimia 1 ya mshahara na mwajiri asilimia 1. Mwaka 2022 ada ikafutwa hadi mwisho wa sekondari, na mfuko wa maendeleo wa kila jimbo la uchaguzi ukapandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7, ambao umenunua madawati, umechimba visima na kujenga zahanati.

Kasoro zake ni nyingi. Madarasa yamefurika. Zahanati ya bure isiyo na dawa inakupa karatasi ya kwenda kununua dukani. Kipindupindu cha kuanzia Oktoba 2023 kiliua watu zaidi ya 700, wengi wa kompaundi za Lusaka ambako choo na kisima ni majirani, mpaka uwanja wa mpira wa Heroes ukageuzwa wodi. Ukame wa 2024 ulikausha bwawa la Kariba na nyumba zikakaa gizani saa nyingi kila siku. Lakini mtoto wa mchimbaji aliyepunguzwa, mtoto wa muuza nyanya na mtoto wa mkulima wa Luapula sasa wanaingia shule kwa haki moja. Mgodi ukifungwa kesho, shule haifungwi nao. ZCCM pamoja na fahari yake yote haikuweza kutoa hilo.

MAJI HAYANA UZIO

Jambo jingine ambalo kampuni hazikuweza kulizungushia uzio ni mto Kafue. Miji ya shaba inakunywa mto huo, na migodi inamwaga humo. Novemba 2006 maji machafu ya mgodi wa Konkola yaliingia mtoni Chingola na mabomba ya mji yakafungwa. Wanavijiji wa huko walikwenda mahakamani Zambia, na wengine zaidi ya 1,800 wakaishtaki kampuni mama ya Vedanta mjini London. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua Aprili 2019 kwamba kesi inaweza kusikilizwa huko, na Januari 2021 wakamalizana kwa fidia. Wakulima na wavuvi, watu wasio na chama wala geti, walipata walichopata kwa kusimama pamoja.

Tarehe 18 Februari 2025 likatokea kubwa zaidi. Bwawa la taka za sumu la kampuni ya Sino-Metals karibu na Chambishi lilibomoka, asidi ikaingia kijito cha Mwambashi na kutoka huko ikaenda Kafue. Samaki walielea wamekufa. Ndege za jeshi zikamwaga chokaa mtoni kuipunguza makali asidi. Mji wa Kitwe, wenye watu mamia kwa maelfu, ukafungiwa maji. Siku hizo mwenye ajira ya kudumu, wa mkandarasi, mzee wa kitongoji cha mgodi na mama wa kompaundi walibeba ndoo zile zile.

KWA MATAWI

Tulipotembelea shamba moja la mkonge, wafanyakazi walitueleza kwamba mmiliki alipobadilika, bomba la kambi lilikatwa, na mwenye shamba mpya akasema hakununua kambi, alinunua mkonge. Katibu wa tawi alitafuta karatasi inayosema maji ni haki yao. Hakukuwa na karatasi. Maji yalikuwa mazoea, na mazoea hayauzwi pamoja na shamba.

Kwa hiyo tunaomba kila tawi litoe mkataba wake wa hali bora kabatini na kuusoma tena. Je, nyumba, maji na zahanati vimeandikwa? Vimetajwa thamani yake kwa shilingi, ili vihesabiwe mtu anapopunguzwa? Je, kipo kifungu kinachomfunga mnunuzi mpya? Je, wa mkandarasi anaingia zahanati? Yasipokuwepo, yaingizwe katika madai ya mazungumzo yajayo. Na yako mengine ambayo hayaingii katika mkataba na mwajiri yeyote. Kijiji kilicho nje ya kambi kina bomba? Diwani wa kata anasema nini? Tunajua baadhi ya makatibu watasema hiyo ni kazi ya serikali ya kijiji, chama kina mambo yake. Wenzetu wa Luanshya nao walikuwa na chama kikubwa chenye mambo yake.

Huko Luanshya kwenyewe kuna habari mpya. Shimo namba 28, ambalo lilijaa maji mwaka 2001, limeanza kuvutwa maji na kampuni ya Kichina, na vijana wanasubiri kuajiriwa. Safari hii hakuna anayezungumza habari ya nyumba za wafanyakazi, kwa sababu za zamani zimekwisha uzwa. Watakaopata kazi watapanga vyumba kwa wazee waliowahi kushuka katika shimo hilo hilo, na bili ya maji watagawana kwa vichwa.